Mapigo ya moyo yamepanda lakini mwili unasema bado: nifuate kipi kwenye baiskeli?

MpandaMikindani

Wadau wa baiskeli, salaam. Naombeni ushauri. Nina miaka 41, nanyonga baiskeli ya gia mara nne kwa wiki hapa Mtwara: Shangani, Mikindani, naendelea kidogo na barabara ya Lindi kisha nageuza, jumla kilomita 40. Nimenunua saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo. Nikiondoka saa kumi jioni inasoma 142 kwa mwendo ambao naongea bila kukatika. Dakika 60 baadaye, mwendo uleule na naongea vilevile, inasoma 160 na kunililia kwamba nimevuka kiwango. Ila kwenye vilima vifupi vya Mikindani natweta, mapaja yanawaka, na saa inasema 125! Kiwango cha juu nimeweka 179, yaani 220 kutoa umri. Nataka kufika Lindi kwa siku moja, zaidi ya kilomita 100. Nifuate saa au nifuate mwili?

GiaYaTatu

Mkuu, hiyo 125 ya kilimani usiiamini hata kidogo. Saa ya mkononi inamulika mwanga kwenye ngozi na kusoma damu inavyopita. Kilimani unabana usukani, kifundo cha mkono kinakunjika, saa inateleza kwa jasho na kutikiswa na barabara, usomaji unaharibika. Isogeze juu ya mfupa wa kifundo kwa upana wa vidole viwili, kaza mkanda kiasi cha kutohama bila kuzuia damu. Ukiweza, nunua mkanda wa kifuani. Ule unasoma umeme wa moyo wenyewe. Lowesha sehemu zake za kugusa ngozi kwa maji kabla ya kuvaa, ukae chini kidogo ya misuli ya kifua. Ukiuvaa mkavu, dakika kumi za mwanzo utaona namba za ajabu hadi jasho litoke.

Njia ya kuhakiki: simama, weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo, bonyeza taratibu, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya hivyo mara moja tu ukishasimama, maana mapigo yanashuka haraka. Saa ikipishana na vidole kwa zaidi ya mapigo 8 hivi, tatizo liko kwenye saa.

Jambo jingine: moyo una uchelewaji. Juhudi ikibadilika, mapigo huchukua dakika moja hadi tatu kufika yanakotakiwa. Kilima cha dakika moja kinaisha moyo ukiwa bado unapanda, ndiyo maana utaona namba kubwa ukiwa tayari unateremka. Kwa kitu chochote kifupi kuliko dakika tatu, fuata pumzi na miguu.

FundiSpoki

Naongeza sababu ya tatu ya ile 125: gia nzito. Ukinyonga mizunguko 50 kwa dakika, mzigo wote unabebwa na mapaja, yanawaka kabla moyo haujaamka. Badilisha gia KABLA ya kilima kuanza, siyo katikati, maana cheni ikiwa na mzigo inaruka au inakwama. Hesabu goti la kulia likipanda kwa sekunde 15. Likifika mara 20 hadi 22, uko kwenye mizunguko 80 hadi 88. Mapigo yatapanda kidogo, mapaja yatapumua.

Kagua na baiskeli yenyewe. Tairi lenye upepo mdogo, breki inayogusa rimu, kiti kilicho chini, vyote hivyo vinakuchosha bila kukupeleka popote. Zungusha gurudumu hewani: likisimama baada ya mizunguko miwili mitatu, kuna kinachosugua. Kiti: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti liwe limenyooka. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa.

MamaPedali

Kaka, mimi nizungumzie 142 kuwa 160, maana hapo ndipo watu wa pwani tunapojidanganya.

Damu ina kazi mbili ukiwa juu ya baiskeli: kupeleka oksijeni kwenye misuli, na kupeleka joto kwenye ngozi likapoe. Jasho linatoka kwenye maji ya damu. Usiporudisha maji, ujazo wa damu unapungua, kila pigo linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo, na moyo unafidia kwa kuongeza idadi ya mapigo. Kupanda kwa mapigo 10 hadi 20 katika safari ndefu ya joto, kwa nguvu ileile ya miguu, ni kitu cha kawaida. Na unyevu wa Mtwara unazidisha: jasho linalokupoza ni lile linalokauka. Linalodondoka kutoka kwenye kidevu mpaka kwenye fremu ni maji yaliyopotea bure.

Kwa hiyo saa haikudanganyi, na mwili haukudanganyi. Miguu inafanya kazi ileile, ila moyo unailipia bei kubwa zaidi. Pengo kati ya viwili hivyo ndilo la kusoma:

Mapigo juu, juhudi ileile: joto au maji. Punguza kidogo, kunywa, tafuta kivuli dakika tano.
Mapigo juu, juhudi nayo juu kwa mwendo uleule: geuza, rudi nyumbani.
Mapigo yamegoma kupanda, juhudi nzito: uchovu uliolimbikizwa, au hujala. Pumzika siku moja au mbili, ongeza wanga.

Pima uzito kabla na baada, mwili mkavu bila nguo. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Jumlisha na ulichokunywa njiani upate jasho lako lote. Usivuke asilimia 2 ya uzito, yaani kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70. Kinywaji: maji lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi robo kijiko cha chai, kamulia limao. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, lakini anayetoka jasho jingi bado anahitaji chumvi juu yake.

Kizunguzungu, kuhisi baridi juani, kuchanganyikiwa au maumivu ya kifua: shuka, kaa kivulini, jimwagie maji, tafuta hospitali, saa iseme inachosema. Na anayetumia dawa za presha kama atenolol au propranolol aachane kabisa na viwango vya mapigo, kwa sababu dawa hizo zinayazuia yasipande. Afuate juhudi tu.

KusiUsoni

Dada kamaliza upande wa joto. Sasa hiyo 179. Kanuni ya 220 kutoa umri ni wastani wa watu wengi. Watu wawili wa miaka 41 wanaweza kupishana mapigo 20 na wote wakawa wazima. Kanuni nyingine, 208 kutoa 0.7 mara umri, inakupa 179 hiyohiyo, kwa hiyo kubadilisha kanuni hakukusaidii. Jipime.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku uliyolala vizuri, bila kahawa. Pasha mwili dakika 15. Kisha dakika 30 peke yako kwenye barabara tambarare, kasi kubwa kuliko zote unayoweza kuishikilia hadi mwisho. Dakika 10 zikitimia bonyeza saa ianze kurekodi upya. Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho ndio kizingiti chako, yaani mapigo ya juu unayoweza kuyashikilia kwa muda mrefu bila kuzidiwa. Kosa la karibu kila mtu ni kutoka kwa pupa na kufa dakika ya 12. Tuseme umepata 164: safari ndefu za kujenga pumzi ni asilimia 81 hadi 89 yake, yaani 133 hadi 146. Kama una shida ya moyo au presha, muone daktari kabla ya kipimo hiki.

Halafu jifunze kipimo cha juhudi. Gunnar Borg wa Sweden alitengeneza kile cha 6 hadi 20, akikusudia kwamba namba ukizidisha kwa 10 ikaribie mapigo ya kijana mzima wa afya. Barabarani cha 1 hadi 10 ni rahisi zaidi: 3 unasimulia kisa kizima, 5 unasema sentensi moja moja, 7 maneno matatu, 9 hujibu salamu. Ziba saa kwa kitambaa, kila dakika kumi taja namba yako, kisha funua uone. Fanya wiki tatu.

Na achana na kasi kama kipimo. Kusi likivuma, unaporudi kutoka Mikindani unalipasua kwa uso. Kilomita 18 kwa saa zinaweza kuwa juhudi ya 6, wakati kwenda ulienda 26 kwa juhudi ya 3. Safari ya Lindi: toka alfajiri, juhudi 3 hadi 4 mpaka Mingoyo, kabla ya kufika Lindi, na mapigo yawe dari tu. Yakikaa juu ya asilimia 93 ya kizingiti kwa dakika 10 bila kilima, punguza hata kama unajisikia simba.

MpandaMikindani

Nashukuruni sana. Leo nimehesabu shingoni baada ya kilima: 156, saa inasema 131. Swali la mwisho: mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

MamaPedali

Ondoka dakika 45 kabla ya kufuturu, juhudi isizidi 3, ukifika tu unakuta maji na tende. Au panda baada ya tarawehe, taa mbele na nyuma. Ukiwa umefunga mapigo yanaweza kuwa tofauti na ulivyozoea hata kwa mwendo mdogo, usijaribu kuyalazimisha yafanane na ya kawaida. Kila asubuhi pima mapigo ukiwa bado kitandani. Yakizidi ya kawaida yako kwa 8 au zaidi siku mbili mfululizo, acha baiskeli, na kama kuna homa kapime malaria. Kipimo cha dakika 30 kisubiri wiki moja baada ya Idi.