Tupeane uzoefu: Dansi kwa aliyepata kiharusi, nini kinafaa na nini kinaumiza

Mwanzisha uzi
Habari zenu wadau. Tukusanye hapa mbinu za kutumia dansi kumrudishia mwendo mtu aliyepata kiharusi. Kwamba muziki unachangamsha, hilo halina ubishi. Leteni vitendo: anasimama wapi, anashikwa wapi, wimbo uwe wa kasi gani, makosa gani yanaumiza watu. Tuchukulie daktari ameshamruhusu kufanya mazoezi. Saa 24 za mwanzo si wakati wake: utafiti mkubwa wa AVERT uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mapema mno na mara nyingi mno kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri.

Nyonga Kwanza
Kosa kubwa ni kuchagua wimbo kabla ya kumpima mtu. Mwache atembee mwendo wake wa kawaida, hesabu hatua kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Akipiga 28, kasi yake ni 56 kwa dakika. Tafuta wimbo wa mapigo 56, au wa 112 akanyage pigo moja na kuliacha linalofuata. Programu ya metronomu (inayogonga mapigo kwa kasi unayoipanga) kwenye simu inatosha kupimia.

Mdundo unasaidia kwa sababu sikio hulijua pigo kabla halijafika, na misuli ikajiandaa mapema. Mtafiti wa tiba ya muziki Michael Thaut na wenzake walionyesha mwaka 1997 kuwa wagonjwa waliofunzwa kutembea kwa kufuata mdundo waliongeza kasi na urefu wa hatua kuliko waliofunzwa bila mdundo.

Akishatulia, ongeza asilimia 5, yaani kutoka 56 hadi 59. Ukizidisha ghafla, mguu dhaifu utagusa chini tu bila kubeba uzito. Utalisikia hilo kabla hujaliona: kishindo kizito, kishindo chepesi, kizito, chepesi.

Kabla ya hatua yoyote kuna kuhamisha uzito, na hapa msiwe na haraka. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, meza nzito iwe mbele yake ya kushikia. Mapigo 4 uzito upande mzima (usiodhurika), mapigo 4 upande dhaifu. Tazama nyonga, usitazame mabega. Wengi huinamisha kiwiliwili tu na uzito haujahama hata kidogo. Kipimo ni hiki: akiwa ameegemea mguu dhaifu, aweze kuinua kisigino cha mguu mzima kwa pigo moja. Hawezi? Basi hiyo ndiyo dansi yake kwa wiki nzima. Goti dhaifu lisijifunge kwa kurudi nyuma, lilegezwe kidogo.

Muuguzi wa Zamu
Bega, jamani, bega! Misuli inayoshikilia kiungo hicho imelegea na mkono unaning'inia kwa uzito wake. Ukimvuta mkono au ukimnyanyua kwa kumshika kwapani, kiungo kinaachia, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi. Mshike kwa mkanda mpana wa kiunoni. Mkono dhaifu utegemezwe chini ya kiwiko na usipandishwe kupita usawa wa bega. Mitindo ya kuzungushana kwa kushikana mikono juu haimfai.

Presha ipimwe kabla. Akiwa amepumzika ikasoma zaidi ya 200 kwa namba ya juu au 110 kwa namba ya chini, hakuna kucheza. Awasiliane na daktari. Msitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, maana dawa za presha kama atenololi huyazuia kupanda hata mtu akichoka kabisa. Tumieni maongezi: aweze kutamka sentensi nzima huku anacheza. Kwa aliyepoteza usemi, tazameni pumzi na uso. Uso ukipinda upya, mkono ukiishiwa nguvu ghafla au maneno yakivurugika, hospitali mara moja, na andikeni saa ilipoanza.

Mwalimu wa Ngoma
Asiyeweza kusimama acheze akiwa amekaa. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, nyayo zote bapa sakafuni. Kochi linamzamisha nyonga, asilitumie. Mkono mzima uushike ule dhaifu, yote iteleze mapajani kuelekea magotini hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha irudi. Mwendo huohuo ndio atakaotumia kuinuka kitini. Dakika 10, apumzike, 10 tena. Uchovu wa kiharusi huja ghafla, usingoje aseme.

Wimbo mmoja, miondoko isiyozidi mitatu. Ubongo hujifunza kwa kurudia, na mwalimu anayebadilisha mtindo kila dakika anamnyima mwanafunzi wake nafasi hiyo.

Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo mara nyingi humfanya mtu asahau kushoto kwake. Simama mbele yake katikati, kisha sogea kuelekea kushoto kwake kidogo kidogo akufuate kwa macho. Bandika utepe wa rangi kali sakafuni upande huo. Kwa mwenye shida ya kuelewa maneno, onyesha kwa mwili na utumie neno moja lilelile kila mara.

Mwanzisha uzi
Na kugeuka je? Naona ndipo wengi wanapoanguka.

Nyonga Kwanza
Kugeuka kuje mwisho kabisa. Unyayo dhaifu hubaki umeganda sakafuni wakati mwili umeshazunguka. Robo mzunguko igawanywe kwa hatua 4 hadi 6 fupi, kila mguu uinuliwe, asizunguke juu ya mguu mmoja. Aanze kugeukia upande mzima. Msaidizi akae upande dhaifu, nyuma kidogo, mkono kwenye mkanda. Viatu viwe vya soli bapa vinavyofunga kisigino, ndala hapana, na kama amepewa kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu, acheze nacho. Zulia dogo liondolewe kabla muziki haujawashwa.