Naomba ushauri: Emmy Noether nimweleze vipi kwa kidato cha tatu?

Habari zenu ndugu na walimu wenzangu. Naandaa kipindi cha klabu ya hisabati kuhusu magwiji wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani. Mwanahisabati Gauss hanisumbui: telegrafu yake na mwanafizikia Weber ya 1833 nimeichora ubaoni, waya ukipita juu ya mapaa ya mji, wakaelewa.

Nakwama kwa mwanahisabati Emmy Noether. Alifika pale 1915, akafundisha bila mshahara, masomo yakitangazwa kwa jina la mwanahisabati mwenzake, Hilbert. 1933 Wanazi wakamfukuza kwa kuwa Myahudi. Wasichana wanamsikiliza kwa makini mno! Lakini kanuni yake ya 1918, inayounganisha ulinganifu (sheria za fizikia kubaki zilezile, mfano leo na kesho) na uhifadhi wa vitu kama nishati, nilijaribu kwa milinganyo, wakapotea.

Je, kuna mfano wa vitendo unaoonyesha ulinganifu unavyohusiana na uhifadhi wa nishati? Na nitangulize maisha yake au kazi yake?