Utepe wa ukingoni mwa gitaa unakatika kiunoni. Nitumie mbao gani?

NyuziSita: Wakuu, salaam. Niko na gitaa langu la pili. Mbavu zimekunjika bila shida, ila huu utepe wa kuzungushia kingo unanitoa jasho. Ni mepo yenye mawimbi, unene milimita 2, nimeiloweka usiku kucha. Ikifika kiunoni tu, tap! Vitatu vimeshaenda. Kuna mbao isiyo na ugomvi?

RandaKali: Pole mkuu. Hayo mawimbi unayoyapenda ndiyo yanayokumaliza. Kila wimbi ni mahali nyuzi zinapochomoza juu ya uso wa mbao, na hapo ndipo inapofunguka. Tafuta wolnati au rozwudi yenye nyuzi zilizonyooka. Mimi nachukua kipande cha pembeni nakipasua kwa patasi, si kwa msumeno. Ufa ukienda sawa na ukingo, natumia. Ukikimbilia pembeni, hiyo ni kuni. Na uulize ilikaushwaje, maana iliyotoka kwenye tanuri ni kaidi kuliko iliyokauka kwa hewa.

Mgeni_Karakana: Mpingo je? Si utavunjika kama kioo?

RandaKali: Mpingo ni ndugu wa rozwudi, zote ni za jenasi moja, Dalbergia. Mgumu kwenye randa, lakini ukipata moto unatii. Watu wanauchanganya na ebony, ambayo ni Diospyros. Hiyo ndiyo yenye kukatika ovyo.

BombaLaMoto: Kabla hujanunua mbao nyingine, punguza unene. Ukitoka milimita 2 hadi 1.5, ukakamavu unashuka chini ya nusu. Halafu acha kuloweka usiku kucha, kinacholainisha mbao ni joto. Lowesha kidogo tu. Dondoshea bomba la moto unalokunjia mbao tone la maji: likitulia na kuchemka taratibu, ngoja, likirukaruka, anza. Weka ukanda mwembamba wa bati upande wa nje wa mkunjo, kwani huko ndiko mbao inakovutika na kuchanika. Usisukume. Utasikia mkononi inavyolegea yenyewe.

Rozwudi nayo usiibandike ikiwa bado ina maji, rangi yake itavujia uso mweupe wa gitaa. Yalinikuta, nikapiga msasa hadi nikachoka.

NyuziSita: Mrejesho: mepo ileile, milimita 1.5, na bati. Mmoja umepita, wa pili umechanika palepale kwenye wimbi. Nimehamia wolnati, yote minne imekaa. Mepo iliyobaki naiweka kwa urembo wa tundu la sauti. Au na huko itanisumbua?

RandaKali: Huko ikate kwa duara, usiikunje.