Mtoto tuliyepewa kulea anaficha boflo chini ya mto, nifanyeje?

UmmuWawili_Pemba:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina binti wa miaka saba, si wa kumzaa. Aliletwa na watu wa ustawi miezi mitano nyuma, mamake kafariki, baba hajulikani aliko. Mimi na bwana wangu tulimpokea kwa moyo mmoja.

Siku nafua mashuka, nikainua mto wake nikakuta vipande vya boflo vimeota ukungu, na muhogo wa kuchemsha kaufunga kwenye kitambaa. Nikatupa vyote. Usiku ule mtoto hakulala, alikaa kitako mlangoni mwa jiko mpaka adhana ya alfajiri. Nikikumbuka roho inaniuma. Sasa anaficha kwenye mkoba wa skuli. Mwanangu wa miaka tisa anamwita mwizi, na juzi kampiga.

Afisa aliyemleta alikuja mara mbili, akahamishwa, wa badala yake sijamuona. Bwana yuko dago, kambi ya uvuvi. Skuli wanadai cheti cha kuzaliwa, sina. Niende kwa nani? Au ndiyo nimeshindwa kulea?

Bibi_Mkoani:
Waalaykum salaam mwanangu. Hujashindwa. Huyo ameonja njaa, bado haamini kuwa kesho atakula. Nimelea watoto watatu wa marehemu dada yangu, na wa katikati alikuwa hivyo hivyo. Nilimpa kopo lenye mfuniko, nikamwambia hili lako, hapana wa kuligusa. Kila jioni tukitia pamoja karanga au kipande cha mkate wa mofa. Alilala nalo miezi. Siku moja nikalikuta jikoni tupu, kalichotea mchele.

Nahodha_wa_Faili:
Dada, nimefanya kazi za ustawi Unguja. Afisa akihama, faili la mtoto halihami naye. Pitia kwa sheha, kiongozi wa mtaani kwenu, akupe barua, kisha nenda ustawi wa jamii wilayani, uulize faili lako kakabidhiwa nani. Omba wakutembelee, na umweleze usingizi wake huo. Ulizia pia karatasi zako zinasemaje, maana Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inatambua malezi ya kambo na kafala, yaani kumlea mtoto wa mwengine Kiislamu bila ya kumbadilisha nasaba.

Barua ya kufuatilia cheti ombea hapo hapo. Tafadhali asiandikwe kwa jina la bwana wako ili mambo yaende haraka. Aya ya 5 ya Surat al-Ahzab iko wazi, waitwe kwa baba zao. Hatawarithi, lakini mnaweza kumuusia ndani ya theluthi ya mali yenu.

Usiku ukizidiwa piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na mlezi pia anasikilizwa. Ukihisi aliwahi kudhalilishwa huko alikotoka, usimhoji mwenyewe. Mpeleke Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa.

Mlelewa84:
Mimi nililelewa kwa watu. Aliyenitesa zaidi ni mtoto wa nyumba ile, na leo namuelewa, aliona mamake kagawanywa bila ya kuulizwa. Mchukue mwanao peke yake, hata kwenda naye sokoni tu. Mwambie kwa nini mwenzake anaficha chakula. Miaka tisa anafahamu.

UmmuWawili_Pemba:
Nimesoma huku nalia. Nimeosha kopo la maziwa ya unga, nikampa. Kaliweka dirishani, kisha kalirudisha kitandani. Mwanangu kauliza la nini, nikamwambia kesho tukienda kwa sheha nitamueleza njiani.