Shafti ya pili imepinda! Tunauziwa chuma "kilichopumzishwa" ambacho hakijawahi kuona moto

Wadau wa kukereza, hasa mlio Kisumu na Kakamega, hii imenichosha.

Nina kazi ya shafti ya posho mill, kipenyo milimita 50, urefu mita moja. Muuzaji mmoja hapa Kisumu akaniuzia chuma kilichovutwa baridi (kimepitishwa kwenye tundu jembamba bila kupashwa moto), akaapa kimeshatolewa mkazo kwenye tanuri, yaani kimepumzishwa kwa moto ili nguvu zilizojifungia ndani zitulie. Kwa hilo akaongeza bei, na kwenye risiti ameandika. Nikaiweka leithini, ikazunguka safi. Nikachimba mfereji wa ki (kile kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti), upana milimita 14, kina 5.5. Kufungua tu vibano, shafti ikajikunja kama upinde, mgongo upande wa mfereji. Nikapima: imepinda milimita 0.8! Kinu kinazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Hiyo beringi itamaliza wiki?

Nikarudi, akanipa nyingine. Ikapinda vilevile. Sasa ananiambia eti mashine yangu ndiyo mbovu, eti nakata kwa pupa.

Mzee, mimi nimekereza miaka kumi na sita. Chuma kikivutwa baridi, ngozi yake hubaki imevutika na moyo umebanwa, na pande zote hushikana kwa nguvu sawa. Ukikwangua upande mmoja, ule wa pili unashinda. Na jambo moja ningelitazama siku ile ile, nikalipuuza: chuma chake kiling'aa kama sarafu. Kilichokaa nyuzi 600 kwenye tanuri la kawaida hutoka na ngozi nyeusi. Yeye alikitoa wapi hicho cheupe?

Kipande cha tatu sikumwamini. Rafiki fundi wa chuo akanipa tanuri: nyuzi 600, saa mbili (saa moja kwa kila milimita 25 za unene), kisha mlango ukabaki umefungwa hadi asubuhi, kipoe polepole humo humo. Mfereji ule ule, mashine ile ile, mkono huu huu. Ikapinda milimita 0.05 tu.

Mteja wangu Mumias amekaa siku tisa bila kusaga, na watu wanabeba mahindi kwenda mbali. Hasara ya vipande viwili nimebeba mimi.

Nataka pesa yangu yote, na ile ya "tanuri" kwanza. Kuna mwingine aliyeuziwa hivi? Na nani anajua tanuri refu la kulipia, Kisumu au Nakuru, linalomeza mita mbili?