Naomba ushauri: sarafu ya Konstantino inatoa unga wa kijani

Habari wakuu. Naishi Uingereza, na juzi nimenunua sarafu ya Kirumi ya shaba nyeusi, upana wake kama kucha ya dole gumba. Upande mmoja kuna kichwa cha Kaisari Konstantino. Wa pili kasimama mungu jua, miale kichwani, mkono wa kulia kauinua, wa kushoto kashika tufe. Pembeni imeandikwa SOLI INVICTO COMITI, yaani kwa Jua lisiloshindwa, mwandani wa kaisari. Chini kuna PLN, alama ya kiwanda cha London. Konstantino huyuhuyu tunayeambiwa kanisani aligeukia Ukristo mwaka 312! Kumbe mungu jua aliendelea kukaa kwenye sarafu zake miaka kadhaa baadaye.

Sasa shida. Karibu na sikio la kaisari kuna unga wa kijani mpauko; nikiufuta, unarudi. Muuzaji kasema nisugue kwa siki na chumvi. Nimegoma, maana chumvi ndiyo inayoila shaba. Nimeilowesha kwenye maji yale yasiyo na madini ya kuongezea betri (si asidi jamani), ili chumvi itoke. Niyabadilishe kila baada ya siku ngapi? Na nta ya kuikinga nipake lini?