Nikifika mapumzikoni, wenzangu ndio wanaondoka: nifanye nini?

Mgeni wa Njia

Ndugu wanajamvi, salaam. Mwezi uliopita nilijiunga na klabu ya matembezi ya mashambani, na Jumapili iliyopita nikatoka nayo kwa mara ya kwanza. Tangazo lilisema ni matembezi mepesi ya kilomita 12, nami kwa kuwa hutembea saa nzima kila jioni bila taabu, sikuona sababu ya kuhofu. Kumbe karibu nusu ya njia ilikuwa ni kupanda. Kila walipopumzika, mimi nilikuwa bado nyuma, na kila nilipowafikia, niliwakuta wanafunga vifuniko vya chupa na kuvaa mikoba yao, huku mmoja akiniambia kwa upole kabisa, "Umefika? Basi twende." Hivyo mimi niliyechoka kuliko wote ndiye pekee ambaye sikuketi hata dakika moja. Hakuna aliyenikosea adabu, na natamani sana kurudi. Naomba ushauri wa wazoefu: je, nijizoeze kwanza peke yangu hadi niuweze mwendo wao, nitafute kundi lingine, au kuna namna ya kulisema jambo hili bila kuonekana mlalamishi?

Mfunga Msafara

Pole sana, ndugu yangu, na tafadhali usiache. Nimeongoza matembezi kwa miaka kadhaa, na hilo ulilolieleza ndilo kosa la kwanza nililoonywa nalo: mapumziko huanza kuhesabiwa anapoketi mtu wa mwisho, si anapoketi wa kwanza. Kiongozi anayesahau hilo huwapumzisha wenye nguvu mara mbili na kumnyima mapumziko yule anayeyahitaji.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Msafara wa watu ishirini hauendi kama kamba iliyonyooka, bali huvutika na kujikunja. Wa mbele akifika penye mti ulioanguka huuruka na kuendelea na mwendo wake, ilhali wa nyuma hungoja zamu yake, kisha hulazimika kuharakisha ili kuliziba pengo, na hali hiyo hujirudia kwenye kila lango, kila kijito na kila tope. Kwa hiyo mtu wa nyuma hutembea kwa kusimama na kukimbia, jambo linalochosha kuliko mwendo mmoja usiokatika. Mtu yule yule ukimweka nafasi ya pili, nyuma tu ya kiongozi, mara nyingi humaliza njia akiwa mzima, kwa sababu kiongozi husikia pumzi zake na kupunguza mwendo bila kuombwa. Omba nafasi hiyo. Nyuma kabisa abaki mzoefu mmoja, na isiruhusiwe mtu yeyote kuwa nyuma yake.

Msoma Ramani

Naungana na aliyetangulia, ila mimi lawama yangu naielekeza kwenye tangazo. Kilomita 12 peke yake haimwambii mtu lolote. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo hadi leo watembezi huitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa nzima kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kilomita 12 za tambarare ni saa 2 na dakika 24, lakini zikiwa na mita 600 za mwinuko zinakuwa saa 3 na dakika 24, na hapo hujahesabu mapumziko wala kusimama kutazama ndege. Kwa kundi lenye wageni, mimi huhesabu kilomita 4 kwa saa. Klabu inayoandika umbali bila mwinuko inawatega wageni wake, hata kama haikukusudia, na ni haki yako kuuliza mita za kupanda kabla ya kuthibitisha kwamba utakwenda.

Kuhusu kujizoeza, fanya, lakini matembezi yako ya jioni kwenye tambarare hayatoshi. Tafuta ngazi, upande na ushuke. Wengi hupuuza kushuka, ilhali misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na ndiyo maana maumivu makali huja siku ya pili.

Dada wa Pole Pole

Mimi ndiye wa mwisho katika klabu yetu, na nimekuwa wa mwisho tangu nijiunge. Zungumza na kiongozi kabla ya kuondoka, mkiwa wawili, kwa sababu mkiwa katikati ya mlima huna pumzi ya kujieleza wala yeye hana muda wa kupanga upya. Na usinyamaze kwa haya. Niliwahi kuhisi kisigino kinawaka nikaona aibu kuwasimamisha watu, nikavumilia kilomita tatu. Lengelenge likapasuka ndani ya soksi, na kundi zima likalazimika kutambaa nami hadi mwisho. Sasa kisigino kikianza tu kupata joto, naketi, navua buti, nakausha mguu na kubandika plasta. Hayo ni mambo ya dakika tatu.

Beba pia firimbi. Ukipotezana na wenzako na ukahitaji msaada, piga mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Aliyekusikia atajibu kwa mipigo mitatu.

Mgeni wa Njia

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mchana huu nimempigia simu kiongozi wetu, na nimeshangaa kusikia kwamba hakujua kabisa kuwa sikupumzika: aliponiona nafika na kuendelea bila kuketi, alidhani mwenyewe sipendi kukatisha mwendo. Ameniomba radhi, na Jumapili ijayo nitatembea nyuma yake. Nimemuuliza pia mwinuko wa njia hiyo. Ni mita 250.